Kazi Iliyo Juu ya Dari



Yeyote aliyepata kufundisha chini ya mabati matupu analijua jambo hili. Mvua huanza kwa matone machache, nawe unajipa moyo kwamba itapita. Punde hushuka yote kwa pamoja. Mwalimu hupaza sauti, kisha hupiga kelele, kisha huweka chaki chini. Hapa Misisi nimepoteza mara nyingi nusu saa ya hesabu kwa namna hiyo, watoto wakiitazama midomo yangu ikicheza bila wao kusikia neno. Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, yaani karibu mwaka wote wa shule. Basi sikupata kudhani kwamba dari ni pambo la matajiri. Lakini sikujua pia kwamba dari yaweza kuwa mahali pa kufichia dhambi. Hilo nilijifunza nilipokuwa fundi wa dari mimi mwenyewe, na ndilo ninalotaka kuwasimulia leo.

Mimi ni mwalimu. Nililelewa katika seminari ndogo. Mapadri walinifundisha Kilatini, sarufi, na kuichunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala. Sikuitwa kwenye upadri. Nilirudi nyumbani, nikaoa, nikapewa darasa. Mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua, sina haja ya kuueleza. Mwaka mmoja, likizo kuu ilipofika, tulikuwa na watoto watatu, na debe letu lilikuwa limebaki na unga wa siku nne. Mama watoto hakusema neno. Alilikung'uta tu lile debe mbele yangu, nami nikaelewa.

Misisi, kwa wasioujua, ni mji wa dhahabu katika sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi. Vijana wengi wa rika langu hushuka mashimoni. Mimi niliyaogopa mashimo, nakiri wazi. Lakini panapopatikana dhahabu nyumba hujengwa, na likizo ya Julai na Agosti huangukia kiangazi, ambao ndio wakati wa ujenzi. Jirani yangu, mzee mmoja fundi wa dari, alihitaji mtu wa kumshikia mbao. Nikaenda.

Watu walicheka. "Mwalimu wa seminari amepanda ngazi!" Wanafunzi wangu walipita makusudi karibu na dirisha ili wanione na vumbi kichwani. Siku za kwanza niliona haya, nikavaa kofia na kuivuta hadi kwenye nyusi. Mzee akaniambia, "Mwalimu, kofia ni ya kuzuia vumbi, si ya kumficha mtu." Nikaivaa vizuri.

Mzee huyo alikuwa miongoni mwa maelfu ya watu wa Fizi waliokimbia vita mwaka 1996 na kuvuka Ziwa Tanganyika. Huko Kigoma ndiko alikojifunza kazi. Wakimbizi walipoanza kurejeshwa Baraka mwaka 2005, naye alirudi na nyundo, msumeno, na maneno ya ng'ambo. Watu wa hapa husema plafoni. Yeye husema silingi bodi. Mimi nilisema dari, tukaelewana.

Kazi huanza na maji. Mzee alichukua mpira mwembamba unaopenya mwanga, akautia maji. Ncha moja niliishika mimi kwenye pembe ya chumba, ya pili aliishika yeye kwenye pembe nyingine. Maji yalipotulia, tukatia alama ukutani. Maji hayadanganyi: yanapotulia katika ncha zote mbili, hapo ni usawa mmoja, hata kama sakafu imeinama na kuta zimepinda. Kutoka alama hizo tulivuta uzi uliopakwa chokaa, tukaupiga, ukaacha mstari mweupe kuzunguka chumba. Ndipo mbao za pembeni zikapigiliwa ukutani, na za kati zikakatizana kwa miraba.

Bamba la tripleksi lina upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 244. Kwa hiyo, mbao zikiachana kwa sentimita 61, kila ukingo wa bamba hupata mbao ya kuukalia. Baada ya mabamba kupigiliwa, maungio yake hufunikwa kwa vipande vyembamba vya mbao, kisha hupakwa rangi. Mwenye nyumba huliona bamba, huiona rangi, hufurahi. Haoni kwamba mbao zote za katikati zimefungwa juu kwenye kenchi, yaani zile mbao za pembetatu zinazobeba mabati. Dari haijishikilii yenyewe. Uzito wake wote unaning'inia mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Mzee alinifundisha mambo mengine mengi. Acheni matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa, kwa sababu bati lililopigwa na jua la saa saba huwaka kama kikaango, na joto lisipopata pa kutokea hushuka ndani. Acheni mlango mdogo katika dari, mtu apate kupanda kukagua panya, popo na mchwa. Msikate kwa msumeno yale mabamba ya kale ya eterniti yaliyoko katika nyumba za zamani, kwa kuwa yana asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni laweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Haya yote alinieleza huku mikono yake iko juu na misumari iko mdomoni, hata mara nyingine nilidhani ananung'unika tu.

Jioni shingo iliniuma kiasi kwamba sikuweza kuinama kuvua viatu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilijifariji kwa vitabu. Nilisoma kwamba Michelangelo alipaka picha dari ya Kanisa dogo la Sistina huko Roma tangu mwaka 1508 hadi 1512, katika kimo cha mita 20 hivi kutoka sakafuni. Wengi husema alifanya kazi amelala chali. Kumbe alisimama juu ya jukwaa, kichwa amekirudisha nyuma, rangi ikimdondokea usoni, hata akatunga shairi la kulalamikia maumivu ya mwili wake. Nilipomsimulia Mzee alicheka sana, akasema, "Basi huyo ni mwenzetu."

Nilisoma pia habari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Huko dari za kale hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo haipatikani mirefu sana wala haiwezi kubeba mzigo mahali papana mno, vyumba vingi vilijengwa vyembamba, visivyofika mita 3. Yaani mtu hakuanza na chumba anachokitamani; alianza na mti alionao, akapima nguvu zake, kisha akajenga ukuta. Laiti na mimi ningaliyakumbuka hayo ilipofika siku yangu ya kujaribiwa.

Siku hiyo ilikuwa katika likizo ya pili. Tulikuwa tumechukua kazi ya vyumba vinne katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa dhahabu. Mtoto wake mchanga alikuwa abatizwe Jumapili, na wageni walikuwa wengi. Mapatano yalikuwa kwamba tukimaliza Jumamosi, tutalipwa jioni ile ile. Jumatano Mzee alishikwa na malaria, akanikabidhi kazi pamoja na kijana mmoja msaidizi. Mwenye nyumba alikuwa machimboni, na msimamizi wake ndiye aliyetuangalia.

Alhamisi tulifika katika chumba cha watoto. Nilipanda kufunga mbao ya katikati kwenye kenchi, nikauweka msumari, nikapiga mara moja. Msumari ukazama wote. Nilidhani nimekosea, nikauweka wa pili. Nao ukazama, na vumbi laini kama unga likanimwagikia machoni. Nilitoa kisu mfukoni nikachoma: kikaingia hadi mpini. Mchwa walikuwa wameila mbao ile kubwa ya chini ya kenchi ndani yote, wakaacha ganda tu, jembamba kama ganda la karanga.

Nilishuka nikamwita msimamizi. Nilimweleza kwamba lazima tufungue mabati mawili, tununue mbao, tubadilishe, na kwamba kazi hiyo itachukua siku mbili au tatu. Alitazama juu, akatazama mlangoni, akasema polepole, "Mwalimu, nani atapanda huko kuangalia? Funika."

Wasomaji wapenzi, ingekuwa rahisi kwangu kuandika kwamba msimamizi alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilijipa sababu mwenyewe. Nilijiambia kwamba kenchi ile imesimama miaka yote, haitaanguka wiki hii. Nilijiambia kwamba mbao za paa si kazi ya fundi wa dari. Niliwaza debe la nyumbani. Nikatafuta mahali ambapo ganda la mbao lilionekana nene kidogo, nikapigilia hapo misumari mitatu badala ya mmoja, tukapandisha mabamba. Tena chumba kile hatukukiachia mlango wa kukagulia. Jumamosi mchana tulipaka rangi nyeupe. Ilikuwa dari nzuri kuliko zote nilizokuwa nimezifunga.

Nililipwa. Nilinunua unga, mafuta, na kitenge kwa ajili ya mama watoto, ambaye hakuwa amepata kipya tangu mtoto wa pili. Jumapili nilikuwa kanisani wakati yule mtoto alipobatizwa, naye alivikwa kitambaa cheupe. Weupe ule ulinikumbusha rangi yangu. Sikwenda kupokea Komunyo.

Usiku, kwa desturi niliyojifunza seminarini, niliichunguza dhamiri yangu. Nilijaribu kupita haraka, kama mtu apitavyo mbele ya nyumba ya mdai wake. Lakini nikajikuta nahesabu vitanda. Katika chumba kile vilikuwemo viwili, na watoto watatu walivilalia. Mimi pia nina watatu. Bwana wetu aliwaonya Mafarisayo kwa mfano wa makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje. Nami nilikuwa nimepaka chokaa yangu juu ya vichwa vya watoto waliolala. Sikupata usingizi.

Kulipokucha nilikwenda kwa Mzee. Alikuwa bado kitandani, amejifunika mablanketi mawili. Nilimweleza yote, bila kumtaja msimamizi kwanza. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Vitanda viko upande gani?"

Nikajibu, "Chini yake hasa, Mzee."

Akainuka, akaomba fimbo yake. Mkewe alimsihi abaki, asisikie. Tulikwenda polepole, akipumzika kila baada ya nyumba chache.

Mwenye nyumba alikuwa amerudi. Nilisimama uani nikasema mbele yake na mbele ya msimamizi kwamba kenchi ya chumba cha watoto imeliwa na mchwa, kwamba nililijua jambo hilo tangu Alhamisi, na kwamba nililifunika. Msimamizi alitazama chini. Mwenye nyumba hakujibu. Aliagiza ngazi, akapasua bamba moja kwa nyundo, lile bamba jipya jeupe, akapanda kichwa na mabega. Tuliona miguu yake tu. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka alikuwa na unga wa mchwa kwenye nywele.

Huyu alikuwa mchimbaji kabla ya kuwa mfanyabiashara. Alisema, "Mwalimu, kule shimoni, kabla sijashuka niliuliza swali moja: nani ameweka miti? Anayeweka miti ndiye anayeshika roho zetu." Kisha akawaita watu watoe vitanda vya watoto.

Watu wa machimbo wanajua wanachokisema. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga katika teritwari ya Mwenga, mvua kubwa iliharibu mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Na hata sisi tusioshuka shimoni, nchi yetu yenyewe hutikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika, na huko Kalemie nyumba zilianguka. Siku kama hiyo rangi haisaidii kitu. Kila nyumba hujibu kwa kile ilichonacho ndani.

Tuliibadilisha kenchi kwa siku tatu. Sikulipwa kwa siku hizo, na nilirudisha sehemu ya fedha nilizokwisha kupokea ili kulipia mabamba yaliyoharibika. Mwenye nyumba hakunitukana, wala hakunishukuru, wala hakunipa kazi tena. Sikuona kwamba ananionea. Nyumbani mama watoto alikisikiliza kisa chote hadi mwisho. Kile kitenge kilikuwa bado hakijakatwa. Alikikunja, akakipeleka mwenyewe dukani, akarudi na fedha, akaziweka mezani bila neno. Juma lile tulikula muhogo na sombe, na watoto hawakujua sababu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akaniuliza kama nimekwisha kutengeneza nilichokiharibu. Nilifurahi kwamba niliweza kujibu ndiyo.

Tangu hapo nimefikiri mara nyingi juu ya kazi za mikono. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa aina ya kazi yenyewe. Basi mwalimu aliyepanda ngazi hajashuka cheo. Bwana wetu mwenyewe alijulikana Nazareti kuwa fundi na mwana wa fundi. Injili haitusimulii hata mlango mmoja alioutengeneza, lakini je, kuna Mkristu anayeweza kuwaza kwamba aliwahi kufunika mbao mbovu?

Hapa kwetu Fizi tunao pia mashahidi wetu. Tarehe 28 Novemba 1964 Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Walitangazwa wenyeheri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tunawaheshimu kwa saa ile moja ya kumwaga damu. Lakini mimi naamini kwamba moyo wa mtu hautengenezwi kwa saa moja. Hufungwa mbao kwa mbao, katika siku nyingi ambazo hakuna aliyezishuhudia.

Ninyi wenye nyumba, msimharakishe fundi kwa ajili ya sherehe. Mpeni nafasi ya kukagua paa kabla hajapandisha bamba la kwanza, na mpandeni ninyi wenyewe mkatazame. Kisu cha mfukoni chatosha. Tena msikubali dari isiyo na mlango. Ninyi vijana mnaojifunza ufundi, mkikuta uozo, semeni siku ile ile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba kusema siku ya Alhamisi kungalinigharimu siku mbili, na kusema siku ya Jumatatu kulinigharimu siku tatu, fedha, na kitenge cha mke wangu.

Na ninyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, msimcheke mtu aliye juu ya ngazi. Mwaka jana, wakati wa likizo, mimi na wazazi kadhaa tulikata matete, kina mama wakasuka mikeka, nasi tukaifunga chini ya mabati ya darasa langu. Mzee alikuja na mpira wake wa maji, akakaa juu ya dawati, akatuelekeza. Kwanza nilipanda kukagua kenchi zote moja moja kwa kisu. Mbili zilikuwa mbovu, tukazibadilisha mbele ya watu wote. Mikeka haizuii kelele zote za mvua, lakini inazipunguza. Oktoba, mvua kubwa ya kwanza ilipoanguka, nilikuwa nafundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Nilipaza sauti kidogo, nikamwuliza jibu mtoto wa dawati la nyuma kabisa. Akasimama, akanijibu.